Ngazi za Mlangoni

Wazee wa Panda wanakumbuka siku ambazo mji wetu wa Likasi uliitwa Jadotville. Kwa amri ya mwaka 1945 Mwafrika hakuruhusiwa kuona sinema ila filamu zilizokubaliwa na tume ya serikali. Amri ile imekwisha. Ngazi za mlangoni zimebaki, nazo hazihitaji askari ili kumrudisha mtu nyumbani.

Tunawataja ndugu zetu walemavu. Akitaka kuona mchezo wa Noeli, asiyeweza kutembea hubebwa mgongoni kama gunia la unga, watu wote wakitazama. Basi wengi huona afadhali kukaa nyumbani, nasi twadhani hawapendi michezo! Kule Kinshasa wanamuziki wa Staff Benda Bilili, ambao wengi wao walipooza miguu kwa polio, walitoa albamu yao Très Très Fort mwaka 2009. Mwaka 2010 filamu ya maisha yao ilionyeshwa Cannes, Ufaransa. Je, wangeweza kuingia ukumbini mwetu?

Sheria ya nchi ya tarehe 3 Mei 2022 yalinda haki za watu hao. Na mafundi wa Panda wajua saruji: ngazi zenye kimo cha sentimita 50 zadai mteremko wa mita 6, wenye vyuma vya kushikia. Kipofu apewe jirani wa kumnong'oneza yanayotendeka jukwaani. Kamati ya parokia yaweza kupima ngazi hizo Jumapili hii, baada ya Misa.