Televisheni ao intaneti ya simu: mashariki ya Kongo isipoteze vyote viwili

Kuna mali ya Kongo isiyochimbwa kwa beleshi, isiyopimwa kwa kilo na isiyopakiwa katika lori. Ni masafa, maana yake njia za hewani ambamo hupita sauti na picha. Hakuna mtu anayeyaona kwa macho, lakini televisheni na kampuni za simu zinagombea njia hizo hizo duniani kote. Kongo imo katika ugomvi huo. Wakaaji wa mashariki wana sababu ya kuufuata kwa karibu, kwani mara nyingi wao ndio husahauliwa wakati wa kugawana.

Kwa miaka mingi, masafa kutoka megahezi 470 hadi 862 yalikuwa ya televisheni. Ni masafa ya bei kali, kwani mawimbi yake yanakwenda mbali na kuingia ndani ya nyumba. Kwa kampuni ya simu, hiyo ni faida kubwa: minara michache inatosha kufikia eneo ambalo kwa masafa ya juu lingedai minara mingi. Katika nchi yenye barabara mbovu, ambamo kila mnara unahitaji mazutu na walinzi, tofauti hiyo si ndogo.

Televisheni imekwisha kurudi nyuma mara mbili. Mwaka 2007 huko Genève, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio, unaosimamiwa na shirika la UIT, ulifungulia simu njia ya megahezi 790 hadi 862 katika kanda ambamo Afrika imo. Mwaka 2012, nchi za Afrika na za Kiarabu zenyewe ziliomba simu ipewe pia 694 hadi 790, na jambo hilo likathibitishwa mwaka 2015. Televisheni ikabaki na 470 hadi 694. Huko Dubai, mwisho wa mwaka 2023, hata sehemu hiyo ikaletwa mezani. Nchi kadhaa za Kiarabu zilichukua 614 hadi 694 kwa ajili ya simu, nyingi za Ulaya zikaipa simu nafasi ya pili nyuma ya televisheni, lakini sehemu kubwa ya Afrika ikashikilia televisheni.

Kurudi nyuma huko kuliwezekana kwa sababu ya mitambo ya dijitali. Katika mfumo wa zamani wa analojia, njia moja ilibeba kituo kimoja tu. Katika dijitali, njia hiyo hiyo inabeba vituo kumi na zaidi. Kwa hiyo televisheni inaweza kubanwa bila kituo hata kimoja kufa, lakini kwa sharti moja: kazi ya kuhama imalizike kweli. Tarehe iliyokubaliwa ilikuwa 17 mwezi wa sita 2015. Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam mwisho wa mwaka 2012, na Rwanda ilimaliza mwaka 2014. Kenya ilizima mwaka 2015, baada ya mvutano uliofanya vituo vikubwa vikae gizani karibu majuma matatu. Kongo ilivuka tarehe hiyo bila kumaliza.

Kuchelewa huko kuna bei. Nchi isiyomaliza inapoteza mara mbili: televisheni zake zinabaki na picha mbaya, na masafa ambayo yangepewa intaneti yanakaa bila kutumiwa vizuri. Mpakani hali ni ngumu zaidi. Mawimbi hayajui kizuizi cha Goma na Gisenyi, wala daraja la Ruzizi, wala njia ya Uvira na Bujumbura. Kituo kikirusha picha upande mmoja kwenye njia ambayo jirani amekwisha kuipa simu, pande zote mbili zinasumbuana, na anayeheshimu mpango uliokubaliwa ndiye mwenye sauti katika mazungumzo.

Wanaotetea kampuni za simu wana hoja. Wanasema kijana wa Bukavu ao wa Butembo hangoji tena habari za saa mbili usiku, anaziona katika simu. Wanasema intaneti inabeba pia biashara, masomo na franga zinazotumwa kwa jamaa. Ni kweli. Lakini kijana huyo ananunua mega kila siku. Kutazama picha ya kawaida kwa saa moja katika simu kunaweza kumaliza karibu gigabaiti nzima, na bei hiyo haiwezekani kwa muuza makala ao mwalimu wa kijijini. Antene ya televisheni haimdai kitu kwa kila dakika anayotazama.

Kuna sababu nyingine ambayo mashariki inaijua kuliko Kinshasa. Mwezi wa tano 2021, volkano Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye wakaaji wa kata kumi za Goma wakaamriwa kuhama. Katika saa kama hiyo, mtandao wa simu hulemewa kwani kila mtu anapiga simu kwa wakati mmoja. Redio na televisheni hazilemewi: wakisikiliza mia ao laki, mawimbi ni yale yale. Nchi yenye vita, volkano na magonjwa ya kuambukiza haiwezi kuacha sauti ya wote itegemee salio la kila mmoja.

Hiyo haimaanishi kwamba wenye televisheni wana haki ya kukalia masafa milele. Njia inayorusha picha saa chache kwa siku, kwa mitambo iliyochoka, huku vijiji vya Walikale na Fizi vikikosa intaneti, ni mali iliyolala. Kulala huko hakumsaidii mtazamaji wala mwanafunzi.

Njia ya haki ipo. Kwanza, 470 hadi 694 ibaki ya televisheni, na serkali imalize kuhamia dijitali hata katika majimbo, si katika miji mikubwa peke yake. Vituo vidogo vya majimbo visaidiwe kulipa nafasi katika mitambo ya pamoja, na jamaa maskini zisaidiwe kupata dekoda. Pili, masafa ya 694 hadi 862 yapewe kampuni za simu kwa sharti lililoandikwa: kampuni inayotaka kuhudumia Kinshasa na Lubumbashi ifikishe pia huduma katika mitaa ya ndani, kwa tarehe zinazojulikana, na isipotimiza inyang'anywe. Mnada unaotazama bei tu utajaza sanduku la serkali mara moja na kuacha vijiji katika giza. Tanzania ilipouza masafa mwaka 2022 ilipata zaidi ya dola milioni 180. Kongo, yenye watu wengi zaidi, haina sababu ya kutoa yake kwa bei ya kutupa wala gizani.

Tatu, hesabu ziwekwe wazi. Raia hawajasahau ile kodi ya RAM, iliyokatwa katika salio la simu tangu 2020 hadi ilipofutwa mwaka 2022, huku wabunge na mashirika ya raia wakiuliza franga zimekwenda wapi. Sheria ya tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2020 imeweka mfuko wa kufikisha mawasiliano mahali ambapo biashara peke yake haifiki. Sehemu ya franga za masafa iingie humo, na ARPTC itangaze kila mwaka nani ana masafa gani, alilipa ngapi na amejenga wapi.

Madini ya mashariki yaliondoka miaka mingi bila vijiji vyake kuona barabara. Masafa hayawezi kupakiwa katika lori, lakini yanaweza kuuzwa kwa sahihi moja ofisini Kinshasa. Wabunge wa Kivu mbili, wa Ituri, wa Maniema na wa Tanganyika waulize sasa, kabla ya sahihi hiyo kuwekwa, kwani baada yake watabaki kulalamika tu.