Jumapili Moja, Tuachiwe Tukimbie Hadi Ng'ambo

UPANDE WA PILI
Na Wandera Ouma

Mkenya akihamia Uganda hupewa sifa ambayo hakuiomba: kwamba kazaliwa na mbio miguuni. Nilipojiandikisha kwa mbio za Jumapili asubuhi hapa Tororo, zile za kujifurahisha tu, kijana aliyekuwa akigawa fulana aliniuliza natoka wapi. Busia, nikamwambia. Busia ipi? Ya Kenya. Akawageukia wenzake: "Basi leo tumekwisha." Kabla hatujafika uwanja wa gofu chini ya Mwamba wa Tororo, mama mmoja aliyejifunga kitenge juu ya suruali ya mazoezi alinipita huku akiongea na simu. "Pole, Kenya," akasema, akaendelea na maongezi yake.

Sisi Wasamia wa Busia tunajulikana kwa samaki, si kwa mbio. Na hata hiyo sifa ya mbio haifuati bendera. Dhahabu ya marathoni ya Olimpiki ya London 2012 aliichukua Mganda, Stephen Kiprotich, akiwaacha nyuma Wakenya Abel Kirui na Wilson Kipsang, na mazoezi yake alikuwa akiyafanya kwetu, upande wa Eldoret. Joshua Cheptegei, bingwa wa mita 10,000 huko Paris 2024, ni wa Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Zunguka mlima huohuo na utawakuta Wasabaot wa Kenya, ndugu wa damu wa Wasabiny wa Kapchorwa.

Lakini mbio ninazozisemea si za kina Cheptegei. Ni zile ambazo nusu ya watu hutembea, watoto hukatiza njia, na wapo wanaomalizia juu ya bodaboda bila aibu yoyote. Hakuna anayekuuliza umetumia dakika ngapi. Waganda wamezipenda mno, na karibu kila mara huzifungamanisha na shida fulani ya watu. Mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka zimechangia vita dhidi ya fistula na selimundu. Rotari nao, tangu 2012, huandaa mbio za kuchangia matibabu ya saratani.

Hizo za Rotari zinatuhusu sisi wa mpakani kuliko tunavyofikiri. Mapema 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika kabisa. Karibu miaka miwili ikapita kabla ya mashine mpya kuanza kazi. Mgonjwa aliyeweza kupata nauli alielekea Nairobi, na mabasi mengi ya Kampala–Nairobi hupitia wapi kama si Busia? Abiria aliyeshuka pale usiku, kanga begani na bahasha ya hospitali mkononi, alipanga foleni ileile ya wauza mitumba. Kwa hiyo Mganda anaponunua fulana ya mbio za saratani, sioni kwamba anacheza.

Kwa mgeni kuna faida nyingine. Ofisini wewe ni mgeni, dukani mgeni, hata kanisani watakusimamisha ujitambulishe. Ukiwa unahema kando ya mtu barabarani, adabu hizo huisha zenyewe. Kwa kutembea nyuma na wazee wenye magoti mabovu nimeonyeshwa reli inakopita, maduka ya Wahindi ambao Idi Amin aliwafukuza 1972, na nyumba ambazo kila mzee humtaja mwenyewe tofauti. Iteso na Wajopadhola, ambao wamevutana miaka mingi juu ya kugawanywa kwa wilaya hii, siku hiyo huvutana juu ya chupa ya maji tu.

Nairobi na Kampala kuna Hash, mchezo wa mbio ulioanzishwa na Waingereza Kuala Lumpur mwaka 1938: mmoja hutangulia akimwaga unga kuweka alama, kundi linafuata, mwisho wake bia. Busia haungefaa. Unga ukimwagwa barabarani kwetu, kuku na akina mama wa sokoni watakuwa wameufuta kabla mkimbiaji wa kwanza hajatokea. Ila ile sehemu ya mwisho, Tororo wanaiweza zamani: chungu kimoja cha pombe ya malwa, mirija mirefu, na mviringo wa watu.

Sasa kinachonikera. Mbio nilizokimbia pande zote mbili hugeuka zinapokaribia lango la mpaka. Mpaka wenyewe ni wa juzi: hadi 1902, Waingereza walipoukata mkoa wa mashariki wa Uganda na kuuweka katika Kenya ya leo, babu zangu wa Samia walihesabiwa kuwa wa Uganda. Mwaka 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya. Desemba 1987 majeshi yalirushiana risasi palepale Busia. Leo, tangu 2014, tunavuka kwa kitambulisho cha taifa, na kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa na Uhuru Kenyatta na Museveni Februari 2018. Lori la saruji linapita. Mtu mwenye fulana na namba kifuani anarudishwa.

Naomba Jumapili moja. Tuanzie Busia ya Kenya, tupite ndani ya kituo, tumalizie Busia ya Uganda. Majina yapelekwe uhamiaji mapema, vitambulisho vikaguliwe jioni ya kuchukua fulana, malori yasimame kwa saa moja. Najua mtu wa ushuru atauliza ni nani atakayepekua chini ya fulana. Ndugu yangu, sukari ya magendo haijawahi kungoja mbio za Jumapili. Ina njia zake za panya na inazijua gizani. Mapato yagawanywe kati ya zahanati za pande zote mbili, maana wagonjwa wao ni walewale.

Jumapili iliyo karibu na 24 Februari, siku kituo kilipofunguliwa, ingefaa. Ni kiangazi, kwa hiyo tuanze saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakosa huruma. Ada ilipwe kwa shilingi ya upande wowote. Wabadilishaji fedha wa pale langoni watakuwa wamefika kabla ya waandaaji.