Mlonge wa Makueni na Vidonge vya Kisukari

Wiki iliyopita mkwe wetu mmoja, akaaye Kibwezi huko Makueni, alituzuru na mfuko wa unga wa mlonge. Akatubashiria kwamba tangu Mfungo Mosi ameviacha vidonge vyake vya kisukari. Asubuhi, kabla ya kustaftahi, tulimpima: kipimo kikaonyesha 17, nacho kwa mwenye afya huwa chini ya 6.

Hatuudharau mlonge. Katika nchi kavu ya Kitui na Makueni mti huu husitawi pale mboga nyingine zinyaukapo, na majani yake, yakipikwa au yakitiwa katika uji wa mtama, ni chakula kizuri. Tafiti chache, tena ndogo, zimeona yakiituliza sukari ipandayo baada ya mlo. Hakuna hata moja iliyothibitisha kuwa yashika mahali pa metformini.

Mtume (s.a.w.) ametuamuru tujitibu, na tabibu wa hospitali, kwa kufahamu kwetu, yumo katika amri hiyo sawa na mwenye kutwanga majani. Basi asifichwe. Anywaye glibenklamaidi au adungwaye insulini, akaongeza mlonge kimyakimya, sukari yaweza kumshuka ghafla: jasho, kutetemeka, akili kupotea. Hapo apewe kitu kitamu upesi, hata ikiwa ni mchana wa Ramadhani. Nayo mizizi na magome, mja mzito asiyaguse.

Mkwe wetu alinuna kidogo. Jumatatu akaenda kliniki, mfuko mkononi, akamwonyesha daktari. Vidonge amevirudia, mlonge ungali chunguni.