Wanaishi kando ya Msimbazi, mbona wanajibu kwa desa?

Soko la Karume, Dar es Salaam, liliungua tarehe 16 Januari 2022. Siku chache baadaye niliwapa wanafunzi wangu wa tuisheni swali moja: eleza athari sita za moto kwa mazingira. Chumba tunachosomea kiko hapa hapa Mchikichini, juu ya stoo ya marobota ya mitumba, na jioni ile harufu ya nguo zilizoungua ilikuwa bado inaingia dirishani.

Binti mmoja wa kidato cha nne, ambaye mama yake alipoteza meza nzima ya nguo za watoto katika moto ule, alijaza kurasa mbili. Moto huteketeza misitu. Moto huua vijidudu vya udongo. Moto hufukuza wanyamapori. Moto huleta jangwa. Hoja zilitimia sita na hakuna iliyokuwa ya uongo, ila zote zilikuwa za moto wa porini. Hakugusa moshi wa nailoni tuliouvuta wiki nzima, wala majivu yaliyokuwa yakisubiri mvua iyasukumie mtaroni, wala mama yake. Nilipomwuliza sababu, alinitazama kwa mshangao: "Mwalimu, hayo hayamo kwenye desa."

Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa desa lile, yaani muhtasari wa hoja za kukariri, nililiandika mimi.

Nilifundisha jiografia miaka ishirini na mbili kabla ya kustaafu, na leo nataka kusema jambo ambalo walimu wenzangu huenda wasilipende. Watoto wetu hawashindwi maswali ya insha ya mazingira kwa kukosa hoja. Hoja wanazo tele, wamezikremu tangu kidato cha pili. Wanashindwa kwa sababu hoja zao hazitembei. Zimesimama kama nguo zilizotundikwa kwenye henga: unaziona, lakini hakuna aliyezivaa.

Chukua swali la sababu za mafuriko mijini, ambalo halikosekani katika pasi pepa. Mwanafunzi anaandika: "Utupaji wa taka ovyo. Watu hutupa taka ovyo na hii husababisha mafuriko." Amerudia hoja yake mara mbili akadhani ameieleza. Msahihishaji atampa alama ya kutaja, basi.

Sasa mpeleke mtoto huyo huyo hadi bondeni Jangwani, mwendo mfupi kutoka hapa, asimame atazame. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unashuka kupitia Vingunguti, Tabata na Kigogo, unapita Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Huko juu miti imekatwa na nyumba zimejengwa, kwa hiyo mvua haizami ardhini. Inateleza juu ya bati na lami na kuchukua mchanga. Mchanga na taka vinatua pale mto unapopoteza kasi, yaani huku chini kwenye tambarare. Kina cha mto kinapungua. Siku ambayo mvua kubwa inakutana na bahari iliyojaa, maji hayapati pa kutokea, yanarudi kwa wakazi. Desemba 2011 yalirudi hivyo, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Hilo ndilo jibu. Taka zimo, ukataji miti umo, ujenzi holela umo, hali ya ardhi imo, bahari imo. Ni hoja zile zile za desa, ila sasa kila moja inaisukuma nyingine, na kuna mahali na mwaka vinavyoshuhudia. Msahihishaji aliyekwishapitia mamia ya karatasi zenye sentensi moja tu, akifika hapa atakaa vizuri kwenye kiti.

Njia ninayotumia siku hizi haina gharama. Mwanafunzi akisimama na kutoa hoja, darasa zima linamwuliza: "Kwa vipi?" Akijibu, wanamwuliza tena. Mara ya tatu wanamwuliza: "Wapi?" Kijana mmoja anayemsaidia mjomba wake kupanga nguo sokoni alisema mitumba inachafua mazingira. Kwa vipi? Robota likifunguliwa, kuna nguo zinazotoka zimechanika au zina madoa, haziuziki. Kwa vipi sasa? Hazina mnunuzi, kuzisafirisha hadi dampo la Pugu ni hela, kwa hiyo nyingine zinachomwa na nyingine zinaishia mtaroni, na za poliesta hazikubali kuoza. Wapi? Akacheka, akanyoosha kidole dirishani. Hakuna kitabu kilichomfundisha hayo. Alikuwa anayajua siku zote, hakujua tu kwamba yanaruhusiwa kwenye karatasi ya mtihani.

La pili ni kulisikiliza swali linataka nini. Taja si eleza, na eleza si jadili. Ukiambiwa ujadili katazo la mifuko ya plastiki lililoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, usimwage faida sita ukaweka kalamu chini. Kujadili ni kupima. Sema kwamba mifuko ile ya rambo iliyokuwa ikining'inia kwenye miti na kuziba mitaro imepungua machoni pa kila mtu. Sema pia kwamba vifungashio laini vya plastiki viligeuzwa mifuko, na kwamba chupa za maji hazikuguswa na katazo lile. Kisha toa hukumu yako. Wengi hufikia mlango wa hukumu wakarudi, kwa sababu darasani hatujawahi kuwauliza wao wanaonaje.

Najua nitakachoambiwa. Kwanza, tatizo ni Kiingereza, lugha ya mtihani. Ni kweli, na taarifa za uchambuzi wa majibu zinazotolewa na Baraza la Mitihani (NECTA) zimelirudia jambo hilo mara nyingi, sambamba na kutoelewa matakwa ya swali. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hawezi kuamka kidato cha kwanza akafikiri kwa lugha nyingine. Lakini nimejaribu hili: mwache aeleze kwanza kwa Kiswahili, mdomo tu, mpaka mnyororo wa sababu ushikane. Ndipo aandike kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Makosa ya sarufi yatakuwepo, ila wazo litasomeka. Anayeanza na Kiingereza kabla ya wazo hupata Kiingereza kibovu kisicho na wazo ndani yake.

Pili, nitaambiwa kwamba mwongozo wa kusahihisha unahesabu hoja, na ukidaiwa sita utoe sita. Sipingi. Toa sita. Nasema kila moja ipewe sentensi tatu au nne zinazotembea, badala ya sita kuwa vichwa vya habari visivyo na habari. Anayegawa muda wake mwanzoni, akaandika mpango wa mistari mitano pembeni ya karatasi, muda unamtosha. Anayekimbilia kalamu ndiye anayefika hoja ya nne akarudia ya kwanza kwa maneno mengine.

Kuna sababu kubwa kuliko alama inayonifanya niandike haya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria hiyo hiyo inataka wananchi washirikishwe pale mradi mkubwa unapotathminiwa athari zake. Siku maofisa wakija mtaani na ramani, au wakichora alama ya X ya bomoabomoa ukutani, atakayesimama kuuliza swali la maana ni yule aliyezoea kuuliza kwa vipi na wapi. Aliyekariri kwamba moto huleta jangwa atanyamaza.

Binti yule tulilirudia swali lake wiki iliyofuata. Hoja yake ya kwanza safari hii ilianza na meza ya mama yake, na aliandika mpaka nikamwambia muda umekwisha.

Walimu wenzangu, tupunguze kugawa desa. Kila wiki tutunge swali moja ambalo jibu lake linaonekana dirishani. Na wewe mzazi, leo baada ya chakula cha usiku mwombe mwanao akueleze kwa Kiswahili kwa nini Jangwani hujaa maji. Akikwama usimkaripie. Mwulize tu, "Kwa vipi?", kisha umsubiri.