Simbilisi wa Watoto na Maradhi Yao



Mwezi huu twapenda kusema juu ya wanyama wadogo wanaofugwa na watoto majumbani, hasa simbilisi, ambao wengine huwaita pimbi, ingawa pimbi wa kweli ni yule akaaye majabalini. Huenda baadhi yenu mkasema: Huyu si jamii ya panya tu, na panya si tumeruhusiwa kumwua? Naam, panya aharibuye nafaka ameruhusiwa kuuawa, wala hatubishi. Lakini mnyama mliyemtia bandani kwa mikono yenu, asiweze kujitafutia riziki, huyo ni amana. Khabari ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa, na adhabu aliyoipata, sote twaijua.

Wala mtoto kufurahi na mnyama mdogo si jambo geni. Abu Umair, nduguye Anas bin Malik, alikuwa na kidege cha kuchezea. Kidege kile kilipokufa, Mtume (s.a.w.) hakumkemea mtoto, bali alimwuliza khabari zake kwa upole ili apate kuliwazika.

Basi yafaa kwanza tujue kwamba simbilisi huficha ugonjwa wake. Mnyama huyu ni windo la paka, mbwa na mwewe, na windo lionyeshalo unyonge huliwa upesi. Kwa hiyo dalili ikidhihirika, maradhi yamekwisha kwenda mbali. Wakati mwema wa kumchungua ni wakati wa kula. Wenziwe wakiyakimbilia majani, naye akabaki pembeni amejikunyata na manyoya yamemsimama, huyo ni mgonjwa. Akishinda siku nzima hakula, msingoje siku ya pili, kwani tumbo lake halikuumbwa kukaa tupu. Tazameni pia choo kilichopungua au kulainika, uchafu utokao machoni na puani, kupumua kwa shida, mate yanayochuruzika kidevuni kwa sababu ya meno yaliyorefuka, na kujikuna hata manyoya yakanyonyoka. Kila Ijumaa mtoto na ampapase mgongoni. Mifupa ikichomoza kuliko juma lililopita, mnyama amekonda.

Huku kwetu Shinyanga, mvua zikikatika mwezi wa Mei, majani hukauka kwa miezi mingi, na simbilisi hulishwa pumba peke yake. Kumbe mnyama huyu ni kama mwanadamu: mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, lazima aipate katika chakula. Akiikosa kwa majuma machache, viungo huvimba, huchechemea, hulia akiguswa, na ufizi wake hutoka damu. Watu hudhani amekanyagwa, kumbe amekosa mboga. Mpeni kila siku matembele, mchicha, pilipili hoho au kipande cha pera. Maji mliyooshea mboga yamwagieni kitalu kidogo cha matembele karibu na banda, nacho kitawafaa watu na wanyama pia.

Banda na liwe kivulini, maana joto la chini ya bati humwua kwa muda mfupi. Lisiwe jikoni penye moshi wa kuni. Na ninyi ndugu zetu wa machimbo ya Geita, msimnyweshe maji ya mialoni yaliyotumika kuchenjulia dhahabu, kwani huwa na zebaki, nayo ni sumu kwa mtu na kwa mnyama.

Akiugua, mtengeni na wenziwe, mwekeni pakavu pasipo baridi, mpeni maji safi na majani laini, kisha mwiteni bwana mifugo wa kata. Jihadharini na vidonge vilivyosalia nyumbani. Penisilini na amoksilini, ambazo ni dawa kwa mtoto wenu, huweza kumwua simbilisi, kwa kuwa huua vijidudu vyema vya tumboni mwake na kuviacha vibaya visitawi. Na kila amshikaye mgonjwa anawe mikono kwa sabuni, kwani choa huweza kumhamia mtu.

Wako wazazi wasemao: Mnyama wa shilingi chache, wa nini kumsumbukia? Twawajibu kwamba mtoto anawatazama. Mtoto aliyeona simbilisi wake akitupwa jaani angali hai, amefundishwa somo ambalo sisi walimu wa chuoni hatuwezi kulifuta upesi. Na aliyeamshwa alfajiri apeleke maji kwa mgonjwa wake, huyo amejifunza huruma kwa vitendo. Mtume (s.a.w.) alipomwona ngamia aliyekonda hata mgongo umegandana na tumbo, aliwaamuru watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasioweza kusema. Simbilisi naye hana ulimi wa kushitaki.

Na ikiwa ajali yake imefika, mzikeni mbali na kisima, na mtoto msimcheke akilia.

Wabillahi tawfiq.