Majarida Machanga na Kamusi Elezo

Wapo wanaodai kwamba kila jarida la sheria linaloanzishwa na wanafunzi katika intaneti lipewe makala yake katika kamusi elezo. Dai hilo lina pupa. Cheche, jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilianza mwaka 1969, likachapa uchambuzi wa Issa Shivji, wakati huo mwanafunzi wa sheria, likapigwa marufuku mwaka 1970. Linatajwa kwa kuwa wasomi waliendelea kulijadili, wala si kwa ujana wake.

Mwalimu wa Kahama, mkoani Shinyanga, au wa Geita anahitaji maelezo ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na ya wachimbaji wadogo walioondolewa Bulyanhulu mwaka 1996. Orodha ya majina ya majarida haimfai kitu. Wanafunzi hawana budi kwanza kuandika juu ya leseni na fidia, tena kwa Kiswahili. Watakaponukuliwa na wengine, hapo wadai nafasi.