Mzigo wa mwenzio kanda la usufi: begi la kamera na mgongo wako

Mwezi huu naomba tuongee habari za mgongo. Si mgongo wa babu, hapana. Nasema mgongo wako wewe kijana, wewe na mwenzi wako mliojinyima mkanunua kamera ya maana, na sasa kila wikiendi mko njiani: leo harusi, kesho picha za wachumba ufukweni Bagamoyo, keshokutwa mnapanda Matogoro kule Songea kutafuta mawio ya jua.

Watu wanaulizana sana kamera gani, lenzi gani. Ukimuuliza mtu vyote hivyo anavibeba na nini, anakuonyesha begi alilopewa bure pale dukani, lenye mkanda mmoja wa kutundika begani. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia, bwana.

Hebu tupige hesabu. Chukua kamera kama Canon EOS 5D Mark III: ikiwa na betri ina gramu 950 hivi. Lenzi ya 24-70mm f/2.8 toleo la pili, gramu 805. Ile ndefu ya 70-200mm f/2.8, toleo la pili nayo, gramu 1,490. Flashi ya 600EX, gramu 425 bila betri. Tayari uko kwenye kilo tatu na nusu na ushee. Ongeza kamera ya akiba, tripodi ya kilo mbili, maji lita moja na nusu, chaja, na begi lenyewe ambalo likiwa tupu linaweza kufika kilo mbili. Unakaribia kilo kumi! Ni sawa na kubeba mtoto wa mwaka mmoja kutwa nzima juani, tena umemning'iniza upande mmoja.

Mfano mmoja niliuona kwa macho yangu. Kuna rafiki yangu na mkewe, wanapiga picha za sherehe, ndiyo kazi inayolipa kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Walipata kazi ya harusi Mbesa, huko wilayani Tunduru mkoani Ruvuma, na mimi nikadandia safari. Songea mpaka Tunduru mjini ni zaidi ya kilomita 200, mnakula lami tu. Mkielekea Mbesa mnaiacha lami, na vumbi jekundu linaanza kuingia mpaka masikioni. Wengi wanaijua Mbesa kwa hospitali yake ya misheni. Mimi naikumbuka kwa bega la rafiki yangu.

Alikuwa na begi la bega moja, limejaa. Siku ya kwanza wakazunguka kwa miguu, nyumba kwa bwana harusi, nyumba kwa bibi harusi, kisha kwenye mikorosho kwa ajili ya mandhari. Jioni vidole vyake vikaanza kufa ganzi. Alikaa kimya, si mnajua tena wanaume. Asubuhi ya pili, siku yenyewe ya ndoa, mkono ukagoma kupanda. Mkewe akachukua kamera kubwa akapiga picha mpaka usiku, huku akiwa hajui kama mumewe anaumwa au ananuna.

Mchana ule bibi mmoja alikuwa anamtazama rafiki yangu akihangaika kuhamisha begi kutoka bega hili kwenda lile. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, huyo mtoto mbona unambeba kama kuku wa sokoni?" Tukacheka. Yeye hakucheka sana. Akavua kanga yake ya juu, akalipandisha lile begi mgongoni, akalifunga mbeleko, kifundo mbele. "Sasa tembea," akasema. Rafiki yangu akatembea, na wote tukaona mabega yake yameshuka.

Msomaji wangu, bibi yule hakuwa anafanya mzaha. Ndani ya mbeleko kuna karibu kila kitu ambacho kampuni za mabegi zinakuuzia kwa bei mbaya. Mtoto amebanwa karibu na mgongo, hachezi kushoto na kulia, na uzito umezunguka mwili mzima badala ya kuning'inia sehemu moja. Mzigo ukikaa mbali na uti wa mgongo unakuvuta nyuma, nawe unainama mbele kuupinga. Ukikaa upande mmoja unakuvuta huko, nawe unapinda upande wa pili bila kujua, misuli ya shingo ikifanya kazi kutwa bila mapumziko. Mkanda mwembamba nao unakandamiza mishipa ya fahamu inayopita kati ya shingo na bega kwenda mkononi. Ile ganzi ya vidole haikuja kwa bahati mbaya.

Hata wanasayansi waliwahi kuja kujifunza kwa akina mama wetu. Mwaka 1986 jarida la Nature la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Ilionekana kuwa waliozoea kazi hiyo waliweza kubeba mzigo wa mpaka asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada kuliko wakitembea mikono mitupu! Siri iko kwenye mwendo waliojenga tangu utotoni, kwa hiyo usikurupuke kesho kujitwika kamera kichwani. Ila somo lipo: mahali na namna unavyobeba ni muhimu sawasawa na kilo unazobeba. Kwa sisi tusiozoea, hiyo asilimia 20 iwe ndiyo ukomo. Dada wa kilo 60 asizidishe kilo 12, na akibaki kwenye nane au tisa atanishukuru jioni.

Sasa, begi gani? Nisieleweke vibaya, begi la bega moja lina heshima yake. Lile la Domke alilibuni Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer kule Marekani, miaka ya 1970. Alitaka kitu laini cha kuchomolea lenzi haraka mtaani. Kwa kazi za mjini, kamera moja na lenzi mbili, linatosha. Lakini kwa porini, milimani na vijijini unataka begi la mgongoni, na liwe na haya.

Kwanza, mkanda wa kiunoni mpana wenye sponji. Usidanganywe na kile kiutepe chembamba, kile ni cha kuzuia begi lisiruke tu. Mkanda wa kweli unakaa juu ya mifupa ya nyonga, na sehemu kubwa ya uzito inahamia huko, kwenye miguu, ambayo ndiyo iliyoumbwa kubeba.

Pili, urefu unaolingana na mgongo wako. Inamisha kichwa, gusa ule mfupa unaochomoza chini ya shingo, kisha mwambie mwenzi wako apime kwa utepe wa fundi cherehani mpaka usawa wa juu ya nyonga. Hicho ndicho kipimo, si urefu wako wa kwenda juu. Wanawake wengi wana mgongo mfupi kuliko waume zao, kwa hiyo begi linalomkaa baba vizuri linaweza kumtesa mama. Kama mtatumia moja wawili, tafuteni lenye mikanda inayopanda na kushuka.

Tatu, mlango. Begi linalofunguka upande ule unaogusa mgongo ni tamu kwa mazingira yetu. Ukilitua chini, uso wa mbele ndio unaolala kwenye vumbi, na mikanda inabaki safi. Halafu kwenye msongamano wa Kariakoo hakuna wa kukufungulia zipu nyuma.

Nne, upangaji. Lenzi nzito ikae karibu kabisa na mgongo, usawa wa katikati, si chini kabisa wala nje. Tripodi ifungwe katikati. Ikilazimika kukaa pembeni, weka chupa ya maji upande wa pili ili usitembee kama meli iliyoinama.

Ukienda dukani nenda na vifaa vyako vyote. Begi tupu ni tamu kwa kila mtu! Lijaze, legeza mikanda, livae, funga kwanza wa kiunoni, kisha kaza ya mabegani, mwisho ule wa kifuani. Tembea humo robo saa, panda ngazi kama zipo. Muuzaji akinuna, ujue hilo si duka lako.

Kuhusu pesa, najua hali. Begi jipya la Lowepro au Think Tank si la kila mfuko. Lakini nenda Mchikichini pale Ilala, au kwenye mitumba ya mkoani kwako, uliza mabegi ya wapanda milima. Utakuta lenye mkanda wa kiunoni wa maana kwa bei ya maelewano. Kagua zipu, vuta mishono ya mikanda kwa nguvu, nusa kama kuna ukungu ndani, maana ukungu huhamia kwenye lenzi. Kisha mpelekee fundi akushonee kisanduku cha sponji ngumu chenye vyumba. Wala si ajabu, Greg Lowe aliyeanzisha Lowepro mwaka 1967 naye alikuwa mpanda milima aliyetengeneza mabegi ya mgongoni.

Usisahau vumbi na mvua. Ruvuma mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea mpaka Aprili. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo nunua koti la mvua la begi, lile linalovishwa juu. Linasaidia hata kiangazi kuzuia vumbi. Kwenye basi begi likae miguuni au mapajani, buti ni ya mahindi. Kwenye bodaboda funga mkanda wa kifuani, maana mzigo unaocheza unaweza kuwayumbisha nyote.

Nimalizie na jambo la wawili. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiuona mgongoni kwa mwingine unaonekana pamba tupu. Ndivyo wapenzi wengi wanavyoishi: mmoja anabeba, mwingine anadhani mambo ni shwari. Usiku ule Mbesa, mkewe alipoambiwa habari za ganzi alimuuliza, "Sasa baba, ungeniambia jana ningekupunguzia hata lenzi moja, ulikuwa unamficha nani?" Hakuwa na jibu. Walikuwa wamebishana mwezi mzima kuhusu lenzi mpya, na begi halikuwa hata kwenye orodha. Lenzi ilisubiri. Waliporudi Songea walinunua mabegi mawili ya mtumba, la kwake na la mkewe, na kila mmoja anapima kilo zake kabla ya kutoka.

Kwa hiyo wikiendi hii, kabla hujamwambia mwenzi wako "nishikie hili begi kidogo", livae wewe lililojaa, zunguka nalo nyumba mara kumi. Kisha mpe naye, na umuulize linamkaaje. Subiri jibu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.